Hoja za Barazani na Hoja za Mtihani katika Nchi ya Uzaramo

Wapo wasomi wanaodhani kwamba elimu ya mantiki iliingia Uzaramo pamoja na makasha ya vitabu vya shule, na ya kuwa kabla ya hapo watu waliamua mambo yao kwa mazoea, au kwa kuwaogopa wakubwa wao, pasipo kupima hoja. Dhana hiyo haikujengwa juu ya ushahidi. Neno lenyewe mantiki ni la Kiarabu, na mzizi wake maana yake ni kunena. Wayunani nao walikuwa na neno moja, logos, kwa usemi na kwa akili pia. Hoja, dai, dalili, sababu, shahidi, shauri, hukumu: maneno haya yalikuwa vinywani mwa watu wa pwani kabla mwanafunzi wa kwanza wa skuli ya Kizungu hajashika ubao. Hata neno kiasi, ambalo leo mwuza duka hulitumia kwa unga na mafuta, ni ndugu wa kiyasi cha wanazuoni, yaani kulilinganisha jambo jipya na jambo lililokwisha kuamuliwa, kwa kuwa sababu ya hukumu ni moja. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika ya Mashariki, aliieleza kanuni hiyo katika Risala yake kabla ya kufa mwaka 820.

Swali hili si la kale tu. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya taasisi ya mafunzo ya sheria kwa vitendo, Dar es Salaam. Katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Watu hao hawakuwa wageni wa sheria. Kila mmoja alikwisha kupata shahada yake. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza, na katika mabishano ya watu lilisikika wazo la kuwapima vijana mapema, mlangoni, kabla hawajapoteza miaka na fedha. Mitihani ya mlangoni ipo katika nchi nyingine. Marekani ilianza wake, uitwao kwa kifupi LSAT, mwezi wa Februari 1948. Uingereza ulianza mtihani wa namna hiyo mwaka 2004 kwa baadhi ya vyuo vyake, na India mwaka 2008. Katika ule wa Marekani sehemu iliyo kubwa ni mantiki. Mtahiniwa hupewa kifungu kifupi cha maneno, kisha huulizwa ni jambo gani linalofuata kwa lazima, ni dhana gani iliyofichwa ndani yake, au ni habari gani ambayo ikiongezwa hoja italegea.

Tanzania haina mtihani wa jinsi hiyo. Njia iliyozoeleka ya kuingia kitivo cha sheria ni alama za kidato cha sita, na Watanzania waendao Marekani kusoma sheria kwa kawaida huenda kwa shahada ya pili, ambayo haidai LSAT. Lakini kabla ya kuazima kipimo cha mwenzio, hapana budi kujua kile kitakachopimwa kilifundishwa wapi, na kwa lugha gani. Uzaramo ni mahali pazuri pa kuuliza hayo. Kisarawe iko kusini-magharibi ya Dar es Salaam, juu ya vilima vya Pugu. Kibaha iko magharibi, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini, kando ya barabara iendayo Morogoro. Kisarawe ina historia ndefu ya mabaraza, na Kibaha ina historia fupi lakini yenye sifa ya mitihani.

Kwa Wazaramo, kama kwa jirani zao, shauri halikuwa kazi ya mtu mmoja. Mwenye dai alisema mpaka akamaliza, na mdaiwa vivyo hivyo. Wazee waliuliza, wakajitenga kidogo, wakarudi. Aliyekatiza maneno ya mwenziwe alionekana kuwa hana hoja. Mwaka 1903 Carl Velten alipochapisha kitabu chake cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa karibu na Bagamoyo, mambo ya madai na hukumu yalipewa nafasi yake humo pamoja na ndoa, mazishi na biashara. Wadachi walipotawala walilipenda neno shauri hata wakaliingiza katika lugha yao wenyewe, wakaliandika kwa tahajia ya kwao. Neno walilichukua, lakini kitu chenyewe walikipunguza. Bwana mkubwa wa serikali aliyeketi kusikiliza mashauri mengi kwa asubuhi moja hakuwa na nafasi ya kuwaacha watu waseme mpaka hoja ijitokeze yenyewe.

Ili kuonyesha fikira zinavyofanya kazi barazani, yafaa kuchukua mfano wa mirathi, maana hapo ndipo Uzaramo inapompa mwanasheria taabu na pia mafunzo. Wazaramo tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa ana haki kwa mjomba wake; nao wengi wao ni Waislamu, na katika sheria ya Kiislamu mtoto wa dada harithi maadamu wana wa marehemu wapo. Mathalani mzee mmoja wa kijiji cha Kisarawe amefariki, ameacha minazi na mikorosho. Mpwa wake adai kwa mila. Wanawe wadai kwa Kurani. Mtu asiyejua mambo ataona kwamba lililobaki ni kuchagua kitabu. Wazee hawaanzi hapo. Huuliza kwanza miti ni ya nani, kwa kuwa katika pwani mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Aliyepanda ni nani, na nani aliona akipanda? Kama ardhi ni ya ukoo lakini miti aliipanda marehemu kwa mkono wake, basi madai ni mawili, si moja, na jibu la hili si lazima liwe jibu la lile.

Kisha huja swali lililo zito zaidi: marehemu mwenyewe aliishi kwa sheria ipi? Alioa kwa mwalimu na kwa mahari ya Kiislamu? Mavuno yake alikuwa akiwagawia wapwa, au aliyaweka nyumbani kwake? Akiwa aliishi kwa sheria ya dini, mpwa hana fungu. Walakini aweza kupewa kwa wasia, mradi wasia usipite thuluthi ya mali. Je, wasia upo? Nani aliusikia? Na huyo aliyeusikia, je, naye hapati kitu ndani yake? Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ndani ya maulizo hayo mna takriban kila kitu ambacho mtihani wa mantiki hukitafuta: kutenganisha maswali yaliyofungwa pamoja, kuifunua dhana iliyofichwa, kupima shahidi mwenye faida yake, na kujua kwamba kanuni yenye sharti haifanyi kazi mpaka sharti litimie. Wala si mambo ya kijijini tu. Mwaka 1969 Mahakama Kuu, katika shauri la mirathi ya Mngoni mmoja aliyeishi mbali na kwao, iliangalia mambo mawili ili kujua ni sheria ipi imfuate marehemu: namna ya maisha yake, na nia yake. Mzee wa Kisarawe angelisoma hukumu ile asingeona jipya sana, isipokuwa lugha yake. Na huyo mzee angekuwa na manung’uniko ya haki, kwani sheria za mila zilizokusanywa na Hans Cory na kutangazwa mwaka 1963 zilihusu makabila yafuatayo ukoo wa baba. Wazaramo na wenzao wa ukoo wa mama waliachwa nje ya kitabu, wakaendelea kuamua kwa hoja za mdomo.

Methali nazo zilikuwa shule. Haifai kuzichukua kama mapambo ya maneno tu. Asemaye ‘vyaelea vimeundwa’ anatoka katika matokeo kwenda katika chanzo chake, na hiyo ni njia halali ya kufikiri. Asemaye ‘dalili ya mvua ni mawingu’ anatoa dalili, wala si uthibitisho, na mpinzani mwerevu humjibu papo hapo kwamba yako mawingu yapitayo bila kunyesha. Asemaye ‘lisemwalo lipo, na kama halipo laja’ anataka uvumi upokewe kama ushahidi. Hoja hiyo ni dhaifu, nayo barazani hutumiwa na mtu ambaye shahidi wake hakufika. Kijana aliyekaa nyuma akisikiliza kwa miaka kumi alijifunza ni methali gani hujibu methali gani. Hakupewa cheti.

Shule zilipokuja hazikuja na utupu wa kujazwa. Wamisheni wa Berlin walifika Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Katika miaka ya 1920 chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho Waanglikana walikianzisha Kiungani, Unguja, kilihamishiwa Minaki, katika nchi hiyohiyo ya Kisarawe, kikawa mojawapo ya shule chache za juu katika Tanganyika. Hapo kijana aliandika hoja yake kwenye karatasi, peke yake, kwa Kiingereza, ili isomwe na mtu asiyemfahamu. Kila moja ya mambo hayo matatu lilikuwa geni kwa baraza, na huenda la tatu ndilo lililokuwa geni kuliko yote: kumshawishi msomaji asiyekuwapo, ambaye hawezi kukatiza wala kuuliza.

Tangu hapo njia mbili zikaenda sambamba bila kukutana. Mahakama za wenyeji zilipangwa upya kwa sheria ya 1951, kisha Uhuru ukaleta Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, nazo Mahakama za Mwanzo zikaanza kazi mwaka 1964. Lugha yake ilikuwa Kiswahili. Hakimu, kwa miongo mingi, alikaa pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo, na katazo hilo halikulegezwa mpaka miaka ya 2020. Kwa hiyo muda wa zaidi ya nusu karne mahali palipoamua mashauri ya watu walio wengi palikuwa pamefungwa kwa watu waliosomea sheria, na mahali pa waliosomea sheria palinena lugha ambayo walio wengi hawakuielewa. Hapana haja ya kutafuta mbali zaidi sababu ya elimu hizo mbili kutojuana.

Kitivo cha sheria kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15. Mkuu wake wa kwanza alikuwa A. B. Weston. Kwa miaka mitatu kilikuwa mjini, kisha mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, ardhi ya Uzaramo ya kale, si mbali na barabara iendayo Kibaha. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwapo William Twining, aliyefundisha hapo tangu 1961 hadi 1965, ambaye baadaye huko Uingereza alipata sifa kwa vitabu vyake juu ya kuzisoma kanuni na kuupima ushahidi. Mwaka 1964, angali Dar es Salaam, alikwisha kuandika juu ya nafasi ya sheria za mila katika sheria za mataifa ya Afrika ya Mashariki. Si kila mwalimu wa siku zile aliyeona kwamba kulikuwa na jambo la kuuliza hapo.

Kibaha nayo ilizaliwa wakati uleule. Mwezi wa Januari 1963 Tanganyika ilipatana na nchi za kaskazini ya Ulaya kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo. Shule ya sekondari ilianza 1965, na mwaka 1970 kituo chote kikakabidhiwa kwa Tanzania. Jakaya Kikwete alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa miaka ya mwanzo. Baadaye shule hiyo ikawa ya vijana wenye vipaji maalumu waliochaguliwa nchi nzima kwa alama zao, na hapo ndipo jina la Kibaha likawa, masikioni mwa wazazi, sawa na jina la kufaulu. Kijana wa Kibaha hujifunza kwamba swali lina jibu moja lililo sahihi, kwamba jibu hilo limo ndani ya maneno aliyopewa, na kwamba habari alizozijua nyumbani zaweza kumpoteza.

Hapo pana tofauti ya kweli, nayo yataka kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu wa Kirusi, Aleksandr Luria, alikwenda Uzbekistan kuwapima wakulima wasiosoma. Aliwaambia kwamba katika kaskazini ya mbali penye theluji dubu wote ni weupe, na kwamba mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko ni wa rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, na kwamba mtu husema aliyoyaona. Waliokwisha kusoma japo kidogo walijibu mara moja. Majibu hayo yalichukuliwa na wengi kuwa alama ya akili ambayo bado haijafunguka.

Mwanasheria hana haki ya kuharakisha hivyo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 yadai kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliyoyaona, aliyesikia aseme aliyoyasikia. Mkulima yule wa Uzbekistan, akipandishwa kizimbani Kisarawe, angekuwa shahidi mwema kuliko msomi aliyemcheka. Alikosea mtihani kwa sababu alishika kanuni nyingine, ambayo nayo ni kanuni ya sheria. Mtihani humpima mtu kazi ya wakili na ya jaji, yaani kuyachukua maneno kama yalivyoletwa na kuona yanafika wapi. Baraza humlea mtu katika kazi ya shahidi na ya mzee mwamuzi, yaani kuuliza kwanza kama maneno hayo ni ya kweli. Mahakama isiyo na mojawapo ya kazi hizi haiwezi kutoa haki. Ikubaliwe pia kwamba baraza lina upungufu wake: hupenda suluhu, na kwa ajili ya suluhu huweza kumwacha mwenye haki, hasa mjane au mgeni, akiondoka na nusu ya haki yake.

Lakini kusema kwamba watu wa baraza hawawezi hoja ya vitabuni si kweli. Yafaa kuwapa swali lisilo la dubu. ‘Wakulima wote wa kijiji hiki waliopeleka mihogo Kariakoo wiki hii wamepata fedha. Mzee huyu ana fedha. Basi alipeleka mihogo.’ Mtahiniwa asiye mwangalifu huitikia. Mtu wa Kisarawe hatega mtego huo wala hanasi: mzee huyo aweza kuwa ameuza korosho, au mkaa, au mwanawe aliye mjini amemletea. Kosa lile ambalo walimu wa mantiki hulipa jina refu, yeye huligundua kwa kuwa ajua njia ambazo fedha huingilia kijijini. Na Unguja kimeandikwa kisa cha mtu aliyetakiwa kuvusha mto chui, mbuzi na majani kwa chombo kidogo, ambacho ni jamaa wa fumbo la mbwamwitu, mbuzi na kabichi lililomo katika mkusanyo unaohusishwa na Alcuin wa York, karne ya 8. Kwa miaka mingi mafumbo ya ukoo huo, ya kupanga vitu kwa masharti, yalikuwa sehemu nzima ya mtihani wa Marekani. Yaliondolewa Agosti 2024, baada ya mtahiniwa kipofu kudai kwamba yalimtaka achore asichoweza kukiona. Waliobuni kipimo nao walijifunza, kwa kushitakiwa, kwamba walikuwa wakipima macho walipodhani wanapima akili.

Fundisho hilo laigusa Tanzania upande wa lugha. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa mahitaji maalumu. Vyuo viliendelea kufundisha sheria kwa Kiingereza. Kijana aliyetoka Kibaha au Minaki huweza kushindwa swali la mantiki kwa kutojua uzito wa neno moja dogo la Kiingereza lenye sharti na ukanushi ndani yake. Katika Kiswahili neno hilo halipo peke yake. Limo tumboni mwa kitenzi. ‘Hakimu hatoi hukumu asiposikia pande mbili.’ Mtoto wa darasa la nne, Kisarawe, akiambiwa kwamba hakimu ametoa hukumu, ajua bila kufundishwa kwamba pande mbili zilisikiwa; akiambiwa kwamba pande mbili zimesikiwa, ajua vilevile kwamba hukumu huenda bado. Tena Kiswahili hutenga ‘mashahidi wote hawakuja’ na ‘si mashahidi wote waliokuja’, na mtu hazichanganyi: katika ile ya kwanza mahakama ni tupu, katika ya pili wapo waliofika. Wako Waingereza ambao, wakisema sentensi ya kwanza kwa lugha yao, hukusudia ya pili.

Kazi ya istilahi bado. Kwa ‘hitimisho’ watu wamekwisha kupatana; ‘dhana’ hubeba mizigo miwili, ile ya wazo na ile ya jambo lililochukuliwa kuwa kweli pasipo kuthibitishwa, na mwalimu mmoja huita ‘kitangulizi’ kile ambacho mwenzake hukiita ‘msingi wa hoja’. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo wamekuwa wakiandika hukumu zao kwa Kiswahili tangu 1964, na katika majalada hayo, ya Kisarawe na ya wilaya nyingine, maneno ya kufungulia hoja, ya kuikata na ya kuifunga yamo tele, yakiandikwa kila siku na watu wenye haraka ya kumaliza shauri lililo mbele yao.